Damu Yetu, Mizani ya Wengine: Historia ya Vipimo vya Kingamwili

Tarehe 3 Mei 2020, akihutubia taifa kutoka Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli zisizo za binadamu, miongoni mwake za papai na mbuzi, zilikuwa zimepelekwa katika maabara ya taifa zikiwa zimebandikwa majina na umri wa watu, na kwamba baadhi yake zilirudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Siku chache baadaye takwimu za ugonjwa huo nchini zilikoma. Wagonjwa 509 na vifo 21: hapo ndipo hesabu yetu ilipogota, na hapo ndipo ilipobaki kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kila tunapofika katika kipindi hicho darasani, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: je, Rais alikosea kuvitilia shaka vipimo? Jibu langu huwaudhi watu wa pande zote mbili. Kuvitilia shaka vipimo si kosa. Historia ya bara hili inatupa kila sababu ya kufanya hivyo. Swali zito ni lile linalofuata: ukishatilia shaka, unafanya nini?

Kipimo kilichozungumzwa Chato kilikuwa cha kutafuta vinasaba vya virusi katika ute wa pua na koo. Kipo kipimo cha aina nyingine, cha damu, ambacho hakitafuti kirusi chenyewe bali nyayo zake. Nyayo hizo ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na maradhi, na ambazo aghalabu hubaki katika damu baada ya mgonjwa kupona. Hiki cha pili ndicho chenye historia ndefu ya kukosea hapa kwetu, na kwa sababu hiyo ndicho kinachotufundisha vizuri zaidi namna ya kuitumia shaka.

Kumpitisha mgonjwa, kumsingizia mzima

Kila kipimo cha maradhi kinaweza kukosea kwa namna mbili. Kinaweza kumpitisha mgonjwa kana kwamba ni mzima, na kinaweza kumsingizia mzima kwamba ana ugonjwa. Ukikifanya kiwe kikali kisimkose mgonjwa hata mmoja, kitawasingizia wengi. Ukikilegeza kisimsingizie mtu, kitawakosa wengi. Mtengenezaji huchagua, na uchaguzi wake hutegemea kazi anayokusudia kipimo kifanye.

Kimojawapo cha vipimo vya mwanzo vya damu vilivyopata umaarufu duniani kilitangazwa mwaka 1906 na August von Wassermann na wenzake huko Ujerumani. Kilikuwa cha kaswende. Awali walitumia majimaji yaliyotolewa katika ini la kichanga aliyezaliwa mfu kwa kaswende, wakiamini kwamba damu ya mgonjwa ilikuwa ikiitikia vijidudu vya ugonjwa vilivyomo humo. Haikuchukua muda kabla ya watafiti kugundua kwamba hata majimaji ya moyo wa ng'ombe mzima yalitoa jibu lile lile. Kipimo kilikuwa kikifanya kazi, lakini kwa sababu tofauti na ile waliyoidhania wabunifu wake. Tena kilikuwa na kasoro iliyoigusa Afrika moja kwa moja: kiliweza kuitikia damu ya mtu mwenye malaria au ukoma, na hakikuweza kabisa kuitenga kaswende na buba, ambayo huletwa na vijidudu vya ukoo mmoja na vile vya kaswende.

Tafakari maana yake katika kijiji cha wakati wa ukoloni. Mzee aliyeugua buba utotoni, ugonjwa wa ngozi unaoambukizwa kwa watoto kugusana wakicheza, angeweza kupimwa damu uzeeni na kuandikwa kuwa na ugonjwa wa zinaa. Damu yake haikusema uongo. Aliyeisoma ndiye aliyeuliza swali moja akapokea jibu la swali jingine, kisha akaliandika katika ripoti kama hukumu juu ya tabia za watu.

Mwaka 1985

Tuvuke miongo kadhaa. Tarehe 2 Machi 1985, Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha kingamwili za virusi vya UKIMWI. Kazi yake ilikuwa kulinda benki za damu. Kwa kazi hiyo ni busara kipimo kiwe kikali kupita kiasi, kwa kuwa ni heri kumwaga chupa kadhaa za damu salama kuliko kupitisha moja yenye virusi. Vipimo vya kizazi hicho vilitengenezwa kwa virusi vilivyooteshwa ndani ya seli za binadamu na kisha kuvunjwavunjwa, hivyo mabaki ya seli hizo yaliweza kunasa kingamwili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na UKIMWI.

Mwaka huo huo, vipimo vya aina hiyo vilitumika katika damu ya Waafrika kwa kazi nyingine kabisa: kukadiria ugonjwa umeenea kiasi gani na umekuwepo tangu lini. Katika jarida la Science, watafiti walitangaza matokeo ya sampuli 75 za damu ya watoto wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Damu hiyo ilikuwa imechukuliwa mwaka 1972 na 1973 kwa ajili ya utafiti wa saratani, ikahifadhiwa. Sampuli 50 kati ya hizo 75, yaani theluthi mbili, zilisemekana kuwa na dalili za virusi vya UKIMWI. Kama ingekuwa kweli, basi theluthi mbili ya watoto wa eneo lile walikuwa wamekutana na virusi hivyo karibu miaka kumi kabla ulimwengu haujausikia ugonjwa wenyewe.

Haikuwa kweli. Mwaka huo huo wa 1985, jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliohusisha majibu ya namna hii kwa Waafrika wenye afya na malaria: mwili unaoshambuliwa na malaria mara kwa mara huzalisha kingamwili nyingi za kila namna, na baadhi yake hunata mahali pasipo pake. Mwaka 1986 watafiti wengine walipima kwa njia makini zaidi damu ya Waafrika iliyohifadhiwa tangu kabla ya mwaka 1975, wakatangaza kwamba hawakuzikuta kingamwili hizo.

Lakini mwaka 1985 una upande wa pili ambao hatuna haki ya kuusahau. Mwezi Oktoba, katika Lancet hiyo hiyo, madaktari wa Uganda na wenzao walieleza ugonjwa mpya wa kukondesha uliokuwa ukiua watu Rakai, wakauhusisha na virusi vya UKIMWI kwa kutumia vipimo vya kingamwili. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza walikuwa wametambuliwa tangu mwaka 1983, na wananchi walikuwa wameshaupa ugonjwa huo jina la Juliana, kwa nguo za magendo zilizokuwa zikivuka mpaka. Mwaka mmoja, nchi moja, kipimo cha ukoo mmoja: West Nile kikasingizia, Rakai kikasema kweli. Rakai watu walikuwa wakifa na madaktari walikuwa wakiwaona. Majibu ya maabara yaliungana na ushahidi wa kitanda cha hospitali. West Nile kulikuwa na damu ya kwenye jokofu tu na mashine isiyowahi kufundishwa damu ya mtu wa mahali penye malaria inafananaje.

Wataalamu walilitibu kosa hilo. Walianzisha utaratibu wa kumpima mtu kwa kipimo cha kwanza kikali, kisha yule aliyeonekana kuwa na maambukizi apimwe tena kwa kipimo cha pili kilichotengenezwa kwa namna tofauti. Ndiyo maana leo ukienda kupima VVU katika zahanati zetu, jibu la kwanza la kuwa na maambukizi halikabidhiwi kwako kama neno la mwisho.

Wanasiasa wengine walichagua njia tofauti. Nchini Afrika Kusini, mwaka 2000, Rais Thabo Mbeki aliwaalika katika jopo lake watu waliopinga sayansi ya UKIMWI, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa hii hii: kwamba vipimo haviaminiki Afrika kwa sababu ya malaria na kifua kikuu. Hoja ilikuwa na chembe ya ukweli wa mwaka 1985, ikatumika miaka kumi na mitano baadaye, wakati dawa yake ilikwishapatikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba kucheleweshwa kwa dawa za kufubaza virusi nchini humo kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Mwaka 2020: haraka ya wakubwa

Korona ilipoingia, haraka ya kutaka kipimo cha kingamwili iliwashika kwanza wenye nguvu. Machi 2020, Waziri Mkuu wa Uingereza Boris Johnson alikisifu kipimo hicho kuwa kitabadili mambo kabisa, na serikali yake ikaagiza mamilioni. Mapema Aprili, wanasayansi wa Oxford waliovikagua walisema hakuna hata kimoja kilichofaa. Nchini Marekani, kuanzia tarehe 16 Machi, mamlaka ya dawa iliruhusu kampuni kuuza vipimo hivyo bila ukaguzi wake wa awali. Soko likajaa, na tarehe 4 Mei mamlaka ikalazimika kukaza masharti.

Tatizo la kwanza lilikuwa muda. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwezi Juni 2020 yalionyesha kwamba katika wiki ya kwanza ya dalili vipimo vya kingamwili viliwatambua wagonjwa takriban 30 tu kati ya 100; wiki ya pili 72; wiki ya tatu 91. Mwili huhitaji siku kadhaa kuacha nyayo. Anayepima mapema haoni kitu.

Tatizo la pili ni la hesabu, na hapa namwomba msomaji achukue kalamu. Tuseme kipimo kinawatambua wagonjwa 90 kati ya 100, na kinawasingizia wazima 5 tu kati ya 100. Kinasikika kuwa kizuri. Kipeleke katika mji wa watu 10,000 ambamo asilimia 5 wameambukizwa. Walioambukizwa ni 500. Kipimo kitawatambua 450. Wasioambukizwa ni 9,500. Kipimo kitawasingizia 475. Kati ya wote walioambiwa kuwa wameambukizwa, zaidi ya nusu wamesingiziwa. Sasa kipeleke kipimo kile kile katika mji wa pili, ambamo nusu ya watu wameambukizwa: kitawatambua 4,500 na kuwasingizia 250 tu. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni mji.

Kwa hiyo usahihi wa jibu haumo ndani ya kiboksi cha kipimo peke yake. Umo pia katika jamii inayopimwa. Mfano maarufu ulitoka jimbo la California. Mwanzoni mwa Aprili 2020, watafiti waliwapima watu 3,330 katika kaunti ya Santa Clara, na 50 wakaonekana kuwa na kingamwili. Wakatangaza kwamba maambukizi yalikuwa mara 50 hadi 85 ya yale yaliyojulikana, na habari hiyo ikatumiwa na waliodai kwamba ugonjwa hauna makali. Wakosoaji wakauliza swali la kihasibu: hicho kipimo humsingizia mzima mara ngapi? Watafiti walikadiria mara 1 kati ya 200. Kama ni hivyo, watu kama 17 kati ya wale 50 walisingiziwa. Lakini makadirio hayo yalitokana na sampuli mia nne hivi tu za watu waliojulikana kuwa hawana kingamwili, idadi ndogo mno. Kama kiwango halisi kilikuwa mara 3 kati ya 200, basi wote 50 wangeweza kuwa wamesingiziwa.

Kwetu ugumu uliongezeka. Wanasayansi walipochukua damu iliyohifadhiwa kabla ya janga kutoka Tanzania na Zambia na kuilinganisha na ya Marekani, waliona kwamba damu ya huku iliitikia vipimo vya korona mara nyingi zaidi. Nchini Benin, watafiti waliochunguza damu ya wagonjwa wa homa iliyochukuliwa mwaka 2019 walikuta vipimo kadhaa vikidai kwamba baadhi yao walikuwa wamekwisha kuugua korona. Kivuli cha West Nile kilikuwa kimerudi.

Kilifi

Hapa ndipo simulizi inapopata jibu la swali la mwanafunzi wangu. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, pwani ya Kenya, waliichukua njia ya kipimo iliyobuniwa New York, lakini kabla ya kuipeleka popote waliihoji. Walikuwa na kitu ambacho fedha za dharura haziwezi kukinunua: majokofu yenye damu ya watu wa Kilifi iliyochukuliwa kabla ya korona, damu ya watu waliozoea malaria, minyoo na mafua ya pwani. Walipima sampuli 910 za namna hiyo. Zote zilipaswa kuonekana hazina kingamwili; tisa zilisingiziwa. Basi wakajua: kwa damu ya hapa, kipimo hiki humsingizia mtu mmoja kati ya mia. Wakakijaribu pia kwa damu ya watu waliojulikana kuwa wameambukizwa, wakaona kinawatambua takriban 93 kati ya 100.

Ndipo walipoipima damu ya wachangiaji 3,098 wa umri wa miaka 15 hadi 64, iliyokusanywa na huduma ya taifa ya damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walioonekana kuwa na kingamwili walikuwa 174, asilimia 5.6. Kwa kuwa walijua kosa la mizani yao, walijua pia kwamba takriban 30 kati ya hao huenda wamesingiziwa. Walirekebisha, wakalinganisha umri, jinsia na mikoa ya wachangiaji na ile ya taifa, na wakatangaza asilimia 4.3. Tarakimu iliyotangazwa ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotoka mashineni. Hata hivyo, ilimaanisha kwamba zaidi ya Wakenya milioni moja wa umri huo walikuwa wameambukizwa, wakati wagonjwa waliothibitishwa rasmi hawakufika 5,000. Kati ya Januari na Machi 2021, kazi kama hiyo ilipata asilimia 48.5.

Kwa watu wa sera, matokeo hayo yalibadilisha mjadala. Hadi mwisho wa Julai 2020 Kenya ilikuwa imetangaza vifo 341 tu, na wengi walidhani virusi havijaenea. Sasa ilidhihirika kwamba vilikuwa vimeenea, na kwamba uchache wa vifo ulihitaji maelezo mengine: ujana wa jamii, au vifo visivyohesabiwa, au vyote viwili. Hayo ni maswali ambayo serikali inaweza kuyafanyia kazi. Bila tarakimu ile yasingeulizwa.

Shaka na wajibu

Narudi Chato. Kupeleka sampuli za papai maabara kwa siri, kwa kanuni, ni jambo la kisayansi. Ni ndugu wa kile walichofanya watu wa Kilifi: kukipa kipimo kitu ambacho jibu lake unalijua, ili uone kitasema nini. Tofauti ni hatua zilizofuata. Kilifi walihesabu makosa, wakayaandika hadharani, wakayatoa katika jumla, kisha wakaendelea kupima. Sisi tulitangaziwa kosa bila kuonyeshwa idadi ya sampuli, utaratibu uliotumika wala majibu ya maabara yenyewe. Kisha tukaacha kuhesabu. Tulikuwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Tulikuwa na wataalamu waliopitia miongo mitatu ya UKIMWI na wanaojua maana ya kipimo cha pili. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuuliza.

Gharama yake hatuwezi kuitaja kwa tarakimu, na hiyo ndiyo gharama yenyewe. Familia zilizozika usiku, wauguzi waliofanya kazi bila kujua wodi imebeba nini, watumishi wa umma walioandika "changamoto ya kupumua" katika majalada: hao wote hawamo katika 21. Mei 2021, kamati iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilishauri takwimu zianze kutolewa tena, na zikaanza. Mwaka uliopotea haukurudi.

Kwa mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma atakayeletewa mezani tarakimu ya ugonjwa ujao, maana utakuja, nashauri aulize mambo haya kabla ya kuikubali au kuikataa. Kipimo hiki kilisawazishwa kwa damu ya nani? Kilitengenezwa kwa kazi gani, na sasa kinatumika kwa kazi gani? Kinasingizia wangapi kati ya mia, na ugonjwa umeenea kiasi gani mahali kinapotumika? Akikosa majibu, wajibu wake ni kudai yatafutwe. Na bajeti itakapojadiliwa, akumbuke yale majokofu ya Kilifi. Damu iliyohifadhiwa leo, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kumbukumbu safi, ndiyo mizani tutakayoihitaji siku ambayo mizani ya wengine italetwa bandarini.